Tangazo Lililobaki Ndani ya Casque

Kwetu Bukavu mtu hajafa sawasawa mpaka redio imtangaze. Simu zipo, na vikundi vya familia kwenye simu vinalia kutwa kucha, lakini kule vilimani kuna wazee ambao simu yao huchajiwa siku ya soko tu, na kuna sehemu ambako mtandao haufiki hata mtu apande juu ya paa. Hao wanafikiwa na redio. Redio yetu ndogo, vyumba viwili na mnara uliopinda kidogo, ilisoma matangazo ya misiba mara tatu kwa siku: asubuhi, saa sita mchana na jioni. Watoto walinyamazishwa majumbani wakati huo. Hakuna kipindi kingine tulichokuwa nacho kilichosikilizwa hivyo, na muziki wetu, niseme ukweli, haukuwa wa kumfurahisha mtu.

Mimi ndiye niliyeangalia mashine. Nilifundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini, na redio walinichukua kwa saa za ziada, wakaniita ingénieur, yaani injinia, jina ambalo nililipenda kupita kiasi. Kompyuta waliyokuwa nayo ilichukua muda mrefu mno kuamka kila umeme ulipokatika, na umeme wetu unakatika mtu akipiga chafya. Basi nikawatengenezea mfumo wa kuendeshea kompyuta, Linux yangu mwenyewe, nikaikata hapa na pale, nikakitoa kila kitu nilichokiona mzigo, mpaka ikawa inaamka kabla mtu hajaipata tochi. Wageni walipokuja niliizima makusudi ili waone inavyoamka.

Katika vile nilivyovitoa kulikuwa na kipande kidogo ambacho kazi yake ni kutambua vifaa vinapochomekwa na kukipa kila kimoja jina lake. Nilisema cha nini, vifaa vyenyewe nimevichomeka mimi na ninavijua. Kwa asiyeijua Linux, kila kifaa ndani yake kinaonekana kama faili, katika folda iitwayo dev. Ukituma sauti kwenye faili ya kadi ya sauti, sauti inatoka kwenye kadi hiyo. Faili zile niliziandika kwa mkono, mara moja, zikakaa. Kadi zinahesabiwa kuanzia sifuri, na sifuri anapewa yule aliyewahi kuamka. Halafu kulikuwa na skripti ya kuwashia, yaani maagizo ambayo mashine inayasoma kila inapoamka, na yangu ilisema kwa ufupi: kila kinachokwenda hewani kitume kwenye kadi sifuri. Kadi ilikuwa moja tu, na waya wake uliingia moja kwa moja kwenye mtambo wa kurushia. Hakukuwa na wa kugombania naye nafasi.

Aliyesoma matangazo alikuwa maman mmoja wa makamo, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ambayo watu walisema inafaa hata kukutangazia kifo chako mwenyewe. Aliyarekodi mchana, akayapanga, kisha mashine iliyacheza yenyewe kwa saa zake, awepo asiwepo. Mezani alikuwa na karedio ka betri ka kusikilizia kama kweli tunasikika. Siku moja akaniomba casque, vile vya kusikilizia vya kuvaa kichwani, ili aweze kusikia alichorekodi bila kusumbua chumba cha pili. Nikaenda mtaa wa Nyawera nikanunua casque na kadi ya pili ya sauti, ile ndogo ya kuchomeka pembeni, ya aina ile ile kabisa kama ya kwanza. Maman alifurahi, na karedio akakabeba kwenda nako jikoni kwake.

Alhamisi hiyo nilichomeka kadi mpya, nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti, nikazima na kuwasha ili kujaribu. Muziki ukatoka ndani ya casque badala ya kwenda hewani. Niliiona hitilafu hiyo. Sikupofuka, sikudanganywa na mtu, niliiona kwa macho yangu na kuisikia kwa masikio yangu, na nilijua maana yake: kadi mbili sasa zinashindana kuamka, na mara hii ile mpya imewahi. Nilizima nikawasha tena. Safari hii mambo yakawa sawa. Kwetu huku kuzima na kuwasha ndiyo dawa ya kwanza ya kila kitu, kuanzia simu hadi injini ya mtumbwi, na ikikubali hakuna anayeuliza kwa nini. Nilikuwa na kikao cha ndoa ya mpwa wangu, mbuzi alikuwa amechinjwa, na nilikuwa nimechelewa. Nikasema nitaiangalia Jumatatu.

Ijumaa jioni umeme ukakatika, ukarudi. Mashine ikaamka haraka, kama nilivyoifundisha.

Jumamosi kabla ya saa sita nilikuwa Nyawera kwa fundi anayenishonea, nimekwenda kuchukua suti ya hiyo ndoa. Redio yake ilikuwa juu ya rafu, kati ya vitambaa, taa yake ndogo inawaka, na haikutoa sauti.

"Ile redio yenu iko nalala tangu jana mangaribi," akaniambia, pini zikiwa mdomoni. "Hamuna courant kule?"

Nilitaka kuitikia kwamba ndiyo, ni umeme. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha nikasikiliza vizuri. Redio ambayo mtambo wake umezimika inavuma, inapiga kelele ile ya mvua ya mbali. Hii haikuvuma. Ilikuwa imenyamaza kabisa, kimya safi, maana yake mtambo unawaka na kufanya kazi lakini hakuna anayeupa sauti. Mji mzima ulisikia kimya hicho ukasema courant. Nani atapiga simu kuuliza? Maman mwenyewe alikisikia jikoni kwake akasema courant. Mimi peke yangu ndiye niliyeweza kujua, na nilijua palepale. Niliiacha suti juu ya cherehani nikapanda motari, pikipiki ya abiria.

Chumba cha redio kilikuwa kimefungwa. Nilipofungua nikasikia sauti ndogo, nyembamba, ikitoka ukutani. Casque ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari, na ndani yake mlikuwa na programu yetu yote, muziki, nasaha za kilimo, kila kitu. Tangu Ijumaa jioni ilikuwa ikijitangazia yenyewe misiba ya watu ndani ya chumba kisicho na mtu. Nilimpigia maman simu, akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimefungwa vibaya. Nilipomwambia kwamba matangazo ya jana jioni na ya asubuhi hayakutoka, alikaa kwenye kiti kwanza.

"Mungu wangu. Kuko communiqué ya ule maman wa huku chini. Binti yake njo aliileta jana, alikuwa nalia mbele yangu. Banamuzika leo, kisha midi, saa sita ikipita. Kaka yake iko Nyangezi na hajue kitu. Simu haipite. Binti alisema: maman, tunategemea tu ile redio yenu."

Basi hilo ndilo lililokuwepo. Mzee mmoja kule Nyangezi, na dada yake atafunikwa udongo mchana huo, na kati yao hakuna kitu kingine ila skripti yangu.

Nilifanya tena kitu cha haraka, maana mtu hajifunzi siku moja. Nilibadilisha waya: ule wa mtambo nikauchomeka kwenye kadi ya casque, ule wa casque kwenye kadi ya mtambo. Nikamwambia maman alicheze tangazo hilo sasa hivi, asingoje saa sita. Alilicheza. Tulisikia kwenye simu yangu, ambayo ina redio ndani, sauti yake ikianza: familia fulani, ya Bukavu, ya Kamanyola na ya Nyangezi, ina huzuni kubwa kuwajulisha ndugu na jamaa. Hapo umeme ukakatika. Ukarudi papo hapo, kama mtu aliyetania. Mashine yangu ikaamka kwa kasi yake ile niliyokuwa nikiwaringia watu, kadi zikashindana tena, na safari hii ya zamani ikawahi. Kwa kuwa nilikuwa nimebadilisha waya, hewani kukarudi kimya na casque ikaanza kuimba.

Nilitukana, kwa Mashi, lugha ya kwetu, mbele ya mwimbaji wa kwaya. Nikaelewa kwamba nikicheza na waya tena nitakuwa ninacheza kamari na umeme wa Jumamosi, na kwamba lazima nifanye kile nilichopaswa kukifanya Alhamisi. Nilirudisha waya mahali pake, nikavuta kibodi. Kadi mbili zilikuwa pacha. Ukiiuliza mashine majina yake inakupa jina lile lile mara mbili. Tofauti pekee ilikuwa tundu lililochomekwa, moja juu, nyingine chini. Nikaandika kwenye skripti: usijali nani ni sifuri, tazama nani yuko tundu la juu, huyo ndiye wa mtambo. Nikazima, nikawasha. Mashine ikajibu kwamba kifaa hicho hakipo. Nikatazama folda ya dev, faili ilikuwepo, pale pale nilipoiandika kwa mkono. Faili ilikuwepo, kifaa chenyewe kilikuwa bado hakijaamka. Mbio zangu ziliiwahi hata kadi. Mfumo wa kawaida usingefanya kosa hilo, kwa sababu faili ingezaliwa pamoja na kifaa chake.

Maman alikuwa amesimama nyuma yangu, rozari mkononi. Nikaongeza mistari michache: ngoja, tazama, kama kadi zote mbili hazijaonekana ngoja tena, zikionekana ndipo uanze. Ilinigharimu ile kasi yangu yote. Nikawasha. Ikangoja, ikatulia, ikaanza. Nikazima makusudi, nikawasha, tena na tena, nikavuta hata waya wa umeme ukutani. Kila mara sauti ilikwenda ilikotakiwa. Saa sita tangazo lilitoka lote, kuanzia jina la familia hadi jina la marehemu hadi mahali pa mazishi, na maman akafanya ishara ya msalaba, akanipiga begani.

"Pole, ingénieur. Ile courant ya huku, nani ataiweza?"

"Si courant, maman. Ni mimi."

"Eh, we naye," akasema, na akaenda kutafuta chai.

Kazi nzima, ya kweli, haikuzidi muda wa misa fupi. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Alhamisi ningeimaliza na bado ningemkuta yule mbuzi kwenye sahani.

Jumatatu wakaja. Binti wa marehemu alitangulia, na nyuma yake mzee mrefu mwenye koti la mvua lililojaa matope hadi kiunoni, kofia mkononi. Walikuwa wameleta tangazo la shukrani. Ndivyo ilivyo kwetu. Msiba ukiisha familia inapita redioni kuwashukuru mapadri, majirani, kwaya, waliotoa viti na waliotoa maharage. Binti aliponionyesha na kumwambia ajuaye mashine ni huyu, mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimwomba akae. Sikutaka kuuliza, lakini niliuliza kama aliwahi.

"Ile asubui nilifungula redio, kimya," akasema. "Nikasema, ah, courant. Nikaiacha wazi, nilikuwa nachambula maharagi. Mara maman anaanza: famille ya Bukavu, ya Kamanyola na ya Nyangezi. Iyo ni siye! Nikasimama. Na pale pale ikakatika. Sikusikia ni nani."

Maman, mlangoni, akaweka mkono mdomoni.

"Sasa utafanya nini? Dada yangu iko Bukavu. Mudogo wangu iko Kamanyola, na ule njo alikuwa mugonjwa. Dada alikuwa muzima, alinitumia sabuni mwezi ule. Nipande Bukavu ao nishuke Kamanyola? Nikasema, nikienda mu barabara, watasoma tena na sitasikia. Nikaikala na ile redio mu mikono. Mpaka midi. Midi njo nikasikia jina yake."

Alichukua motari, motari ikakwama kwenye matope, akasukuma na dereva, akashuka akatembea, akachukua nyingine. Alipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, udongo viatuni.

"Kama nilipanda ile saa ya kwanza," akasema polepole, "ningemuona uso."

Hakunitazama aliposema hivyo, alikuwa akitazama kofia yake. Mimi ndiye niliyeelewa alichokisema. Lile tangazo nililolirusha kwa haraka, na waya zangu zilizobadilishwa ovyo, ndilo lililomkalisha. Kama asingesikia kitu, ungekuwa msiba tu kama misiba mingine. Kama angesikia lote angewahi. Mimi nilimpa nusu, nusu ile inayomfunga mtu kwenye kiti.

Nilimwambia. Nilianza kumweleza kuhusu kadi ya kwanza na ya pili, kuhusu démarrage, yaani kule kuamka, na fichier, yaani faili, nani anahesabiwa sifuri na nani moja, na kwamba mfumo niliutengeneza mwenyewe. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesomewa karatasi ya dawa na daktari. Katikati ya maneno nikajisikia. Nilikuwa nampa ukweli wote, lakini kwa lugha ambayo hawezi kunishika nayo. Mtu anaweza kutubu kwa maneno makubwa na akatoka na usafi wake wote. Aibu ikanishika, nikaanza upya.

"Papa, haikuwa courant. Ni mimi. Alhamisi niliona mashine iko na shida. Niliiona. Nikaenda kula karamu."

Binti aliinua macho. Yeye alielewa, na nilishukuru kwamba angalau mmoja ameelewa. Nje mtu alikuwa akinadi mikate.

"Na ile ya midi," akauliza, "nani alitengeneza?"

"Ni mimi."

"Bila ile ya midi ningejua siku ya soko."

"Papa, sikiliza..."

"Nimechoka, mutoto yangu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kama ninakukasirikia leo, nitaanza tena kulia, na sina nguvu ya kulia. Acha nikushukuru."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Usiku kucha nilikuwa nimeipangia majibu. Lakini hakuwa ananisamehe, alikuwa ananiomba kitu, na kitu chenyewe kilikuwa ninyamaze. Nikanyamaza.

Akamgeukia binti, akamwambia aandike baada ya kwaya na kabla ya majirani: na ingénieur wa redio. Maman akaketi, akarekodi. Kisha mzee akaomba kusikia kabla hajaondoka, kwa kuwa betri zake zilikuwa zimekwisha na asingeweza kusikia nyumbani. Maman akamvisha casque. Alikaa hapo, casque kubwa kichwani pake, macho amefumba, akisikiliza jina la dada yake katika kitu kile kile kilichomficha. Alipofika mahali fulani akatabasamu kidogo na kunyoosha kidole kwangu. Nilijua ni mahali gani.

Waliondoka. Saa sita ilipokaribia, nilibaki na mashine. Karedio nilikuwa nimemwomba maman akarudishe kutoka jikoni, kakawa tena mezani, na nilikachukua nikaenda nako mlangoni. Ningeweza kuondoa sentensi ile inayonishukuru. Faili ya sauti ilikuwa mbele yangu, na kukata sekunde chache ni kazi ya mtoto wa mwaka wa kwanza. Hakuna ambaye angegundua, angalau si mzee, ambaye hakuwa na betri. Lakini nilikuwa nimeshamkata neno lake mara moja.

Maman akaanza kusoma hewani kwa sauti yake ile. Familia inawashukuru mapadri. Familia inaishukuru kwaya. Nilisimama na karedio mkononi, nikiwafikiria wanafunzi wangu, fundi wangu pale Nyawera, na watu wa Nyangezi walioacha kuchambua maharage ili wasikie, na nikaomba, kwa moyo wangu wote, umeme ukatike. Nilikuwa nimeuzoea, haukuwahi kuninyima hilo.

Haukukatika. Tangazo lilitoka lote, neno kwa neno, safi kabisa.